Baba Aliyegeuzwa Mjomba

Nachingwea

Mdogo wangu Somoe,

Unisamehe kwa kukaa kimya tangu Ramadhani. Juzi gari la sinema lilituonyesha filamu ya mwanamke mwandishi anayepatana na kumbukumbu za marehemu baba yake. Mfasiri, kwa kipaza sauti chake, akamgeuza baba kuwa mjomba. Nilimwendea, nikamkanya; akanijibu:

"Mwalimu, nikisema baba watacheka. Huku kwetu watoto ni wa mjomba; baba si mgeni tu ukweni?"

Nilikasirika. Lakini hata sisi tulilelewa na mjomba, na baba tulimwita "yule wa Nandagala". Kaburi lake liko huko, nami sijalizuru hata mara moja. Lori la Ruangwa, la kuelekea huko, linaondoka Ijumaa.

Wabusu wanao. Nikiamua kwenda au kutokwenda, nitakuandikia.

Dada yako,
Mwanahawa