Miguu Minne ya Ministre

Jumapili, 3 Agosti 2025

Tumeshinda! Nimepoteza sauti, nimepoteza kandambili moja, na heshima yote ya mjane wa umri wangu imebaki kwenye vumbi la Salamabila. Nilikimbia kando ya barabara nikipiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Ministre wa kwanza – punda watano nyuma yake!

Nani angeamini? Wafanyabiashara wa dhahabu walileta punda wao kutoka Fizi wavute pusipusi, mikokoteni ya mawe, toka machimboni. Siku za kazi wanavuta mawe. Jumapili wanashindana: pusipusi, dereva, mifuko miwili ya mchanga, kutoka sokoni mpaka kwenye kizuizi cha barabara na kurudi. Na sisi watu wa Kabambare, tusio na hata beseni la kuoshea dhahabu, tumewapiga.

Dereva wetu ni Léocadie, muuza mawese, meza yake inatazamana na yangu ya vitenge. Mwembamba, mdomo mkali. Alijifunga kitenge kiunoni, akasimama wima juu ya pusipusi, akawa anamwimbia punda nyimbo za kanisa. Mwanzoni wanaume walicheka. Mwishoni walikuwa wanauliza huyu punda ni wa nani.

Ni wetu. Wetu wanne! Nimelijibu swali hilo mara nyingi leo na halijanichosha. Tangu marehemu aondoke nimekuwa na vitu vingi vya wajibu: deni, shamba, matanga ya watu. Sikuwa na kitu hata kimoja cha kunifurahisha bure.

Jumatano, 6 Agosti

Tumefika nyumbani. Amuri na pikipiki yake ya abiria mbele, sisi nyuma kwa miguu, punda katikati kama bwana harusi. Watoto wa Kabambare walimsindikiza mpaka sokoni. Aliyempa jina la Ministre, yaani waziri, ni Amuri, kwa sababu hafanyi kitu kabla hajapewa chakula.

Leo mteja kaniuliza tunammilikije watu wanne. Nikamwambia: kama ng'ombe wa Idi. Hapa watu wakinunua mnyama pamoja, kila mshirika anataja mguu wake kabla kamba haijabadili mkono. Clovis, fundi baiskeli aliyetuundia pusipusi, alichagua wa nyuma wa kulia, eti ndiyo injini. Léocadie wa nyuma wa kushoto. Amuri na mimi, Waislamu, tukabaki na ya mbele. Tulicheka sana siku ile ya kumnunua. Nyama ya punda kwetu haramu, mguu wake utanifaa nini? Lakini ndiyo namna tunayoijua.

Hakuna aliyetaja kichwa. Hakuna aliyetaja tumbo. Kwa hiyo kila asubuhi tunabishana nani anamlisha, na mara nyingi ni mimi.

Tumemfunga kule kijitoni pamoja na mbuzi wa watu. Kivuli, majani mabichi, maji karibu. Anaishi vizuri kuliko sisi.

Jumatatu, 11 Agosti

Ministre kaacha pumba ya mahindi. Nusu nzima.

Clovis, anayeniita yaya kama dada yake mkubwa, kasema nisiwe na haraka ya kulia. – Iko nachoka tu, yaya Mwanvua. Hata miye nilichoka, na sikukimbia.

Sawa. Amechoka. Tarehe 31 kuna mbio kubwa Salamabila, watu wanaleta punda toka Fizi kwenyewe. Léocadie ameshanunua kitenge cha kuvaa siku hiyo – kwangu, na kanipunguzia bei yeye mwenyewe bila kuniuliza. Mimi sijali zawadi. Nataka kuona lile jambo mara moja tena: masikio yamelala nyuma, magurudumu yanaruka mawe, na mimi sina akili.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumbo limevimba kwa chini. Si shibe. Ukibonyeza, alama ya kidole inabaki. Macho yanatoa machozi, na ndani ya kope ni peupe badala ya kuwa pekundu. Mbavu zake naweza kuzihesabu nikiwa mbali.

Baada ya sala ya Ijumaa shangazi Latifa kapita kumtazama. Hakushuka hata kwenye majani. Kasimama juu ya njia, kashika pua.

– Mumemufunga hapa? Kwenye mbung'o?

Kisha akasema lile ambalo wote tunalijua. Babu zetu walipofika Kabambare toka upande wa pwani walikuwa na punda. Punda wakaishia hapa. Mbung'o waliwamaliza, mmoja mmoja, ndiyo maana mizigo ikabebwa vichwani. Hadithi hii nimeisikia tangu utoto, kwenye harusi na kwenye matanga. Tuliichukua kuwa ni habari ya wazee, si habari ya punda.

Na waliobeba ile mizigo ni babu zake Clovis na Léocadie. Hilo hatulisemi tukiwa pamoja. Wao pia wanaijua hadithi, kwa upande wao, na wao pia walimfunga mnyama kijitoni.

Watu wanne wazima! Mbuzi wanapona pale, basi na punda atapona. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yetu, kama yalikuwa mawazo.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemhamishia uani kwangu. Nimewasha moto wa maganda ya mawese, moshi mchana kutwa. Mimi nakohoa, yeye anakohoa. Mbung'o hawapo. Lakini shangazi anasema mbung'o hana haja ya kubaki, kazi yake alishaimaliza.

Jumanne, 19 Agosti

Amuri kaondoka alfajiri kwenda Kasongo kumtafuta veterineri, daktari wa wanyama. Barabara mbaya, lakini kakataa abiria ili awe mwepesi. Kaniambia: – Dada, nitarudi na sindano, ao sirudi.

Amuri husema hivyo hata akienda kununua sigara. Leo nimemwamini.

Léocadie kaja na majani ya kumkanda tumbo. Kamkanda muda mrefu, mpaka majani yakaisha. Kisha kaniuliza kama tarehe 31 bado inawezekana. Nikasema inshallah. Akasema amina. Wote wawili tukatazama chini.

Alhamisi, 21 Agosti

Amuri hajarudi. Simu haipiti.

Nimeuza kitenge kimoja, nimempa mteja rangi siyo. Karudi kunigombeza. Alikuwa na haki.

Ijumaa, 22 Agosti

Karudi. Matope mpaka kwenye nyusi.

Veterineri alimpata. Mtu mwema, kamsikiliza mpaka mwisho. Dawa hana. Labda Kindu, na Kindu wanasubiri mzigo ambao hakuna ajuaye uko wapi. Lakini Amuri hakutaka kuniambia sehemu ya pili, nikamlazimisha. Yule bwana alisema: hata mkipata sindano, atapona leo, kesho ataumwa tena. Mbung'o ni wa hapa. Punda si wa hapa. Mpelekeni milimani, kwenye baridi.

Milimani! Hawezi kufika kwenye choo changu.

Tumekaa uani, chai imepoa. Amuri kasema labda huyo veterineri hajui. Nikamjibu kwamba anajua. Nilimjibu vibaya, na yeye ndiye aliyekula matope.

Jumapili, 24 Agosti

Tumegombana. Naandika ili nisiwafuate kuongeza maneno.

Clovis alianza kwa upole, kichwa chini. Kasema mnyama akifia kwenye kamba, ni mzoga, hakuna atakayemgusa, tutamzika na miguu yetu yote. Akichinjwa akiwa bado anapumua, watu wa upande wake wanakula. Jirani zake hawajaonja nyama tangu Idi tulipowagawia. – Hatutaki kumupoteza bure, yaya. Ndiyo hiyo tu.

Nikasema: huwezi kumla mtu aliyekushindia mbio.

Léocadie akalipuka. Kwamba mimi nina huruma kwa sababu dini yangu inanikataza, ningekuwa Mkristo ningekuwa nimeshapika. Kwamba yeye ndiye aliyemwendesha, yeye anayejua mgongo wake, na yeye ndiye anayeona anavyoteseka huku mimi namfukizia moshi kama samaki. – Unamupenda, lakini unamupenda kwa faida yako!

Nilimwambia atoke uani kwangu. Katoka. Kaondoka na Clovis.

Sikula. Alichosema bado nakisikia kwa sababu si uongo wote. Kila asubuhi nikiamka, kabla ya kusali, naenda kutazama kama amepona. Siendi kutazama kama anaumia.

Jumatano, 27 Agosti

Ameanguka. Miguu ya nyuma imekataa. Injini ya Clovis.

Tulimwinua mimi na Amuri kwa gunia chini ya tumbo, akasimama kidogo, akalala tena. Anakunywa maji nikimshikia beseni. Pumba anainusa tu. Ulimi wake umepauka.

Amuri kakaa karibu naye, kavua kofia. Akasema taratibu kwamba amechoka kumuona hivi. Kwamba nyama hatakula, Mungu amuepushe, lakini kisu cha mtu mwingine hatakizuia.

Sasa ni watatu na mimi. Na mnyama wa watu wanne hauawi na watatu. Hiyo ndiyo desturi: mshirika mmoja akikataa, kisu kinarudi nyumbani. Wananisubiri. Hakuna anayenisukuma, na afadhali wangenisukuma, ningepata mtu wa kumkasirikia.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimeota anakimbia. Basi.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimekwenda sokoni mapema kabla meza hazijapangwa. Léocadie alikuwa anachuja mawese. Hakuinua uso. Nikamwambia: kesho asubuhi. Nikaongeza kwamba sitaki kusikia sauti, na sitaki damu ibaki uani.

Kaweka chujio chini. Kanishika mikono yote miwili na mikono yake ya mafuta. Akasema Clovis ataleta pusipusi ya kubebea, watamaliza haraka, watafagia. Akasema yeye mwenyewe hataonja. Hataweza.

– Basi atakula nani? nikamuuliza.

– Wenye njaa, mama. Iko wengi.

Kweli wako wengi. Hakuna mbio, hakuna dawa, hakuna mlima. Kilichobaki ni nyama, na hata hiyo si kwa ajili yangu.

Jioni nilimpa ndizi mbivu iliyopondwa. Kalamba vidole vyangu vyote. Nimelia kama mtoto, mbele ya punda, tena punda hakunisaidia.

Jumamosi, 30 Agosti

Naandika haraka, wako nje.

Wamekuja baada ya jua kutoka. Amuri kabaki mbali kwenye ua, katugeuzia mgongo. Léocadie na beseni. Clovis anavuta ile pusipusi yetu, tupu, kisu kiko ndani ya gunia. Gurudumu la kushoto bado linalia, kila siku anasema atalitia mafuta.

Ministre alikuwa amelala upande, kama alivyo tangu Jumatano. Aliposikia gurudumu, kainua kichwa. Masikio yakasimama. Nikasema moyoni, kachungulia kifo chake. Hapana! Kaweka miguu ya mbele. Kaanguka kwa kidevu. Kaweka tena. Clovis kasimama pale pale, kashika miti ya pusipusi, hajui aiache ao airudishe.

Ministre kasimama! Peke yake, bila gunia, magoti yanatetemeka, tumbo linaning'inia. Nilidhani anataka kukimbia na nikafurahi, Mungu anisamehe, nikasema kimbia. Hakukimbia. Kageuka pole pole. Akawa anarudi nyuma, hatua, hatua, mpaka Clovis akampisha, yeye akaingia katikati ya miti miwili ya pusipusi, pale mahali pake. Akatulia. Akainamisha shingo ili avalishwe mikanda.

Hakuna aliyeleta mikanda.

Léocadie kaweka beseni chini na kuketi juu ya udongo na kitenge chake kipya. Clovis kanitazama mimi. Uso wake sijawahi kuuona hivi. – Yaya Mwanvua, tufanye nini? Sema weye.

Nimesema naenda kuleta maji. Maji yako nje, kila mtu anayaona. Nimeingia ndani, nimefunga mlango nusu, ndipo naandika.

Clovis ananiita tena. Kwenye upenyo wa mlango namwona Ministre bado kasimama. Anatetemeka, lakini hajalala. Anageuza kichwa, anatazama nyuma juu ya pusipusi, anamtafuta dereva.