Jino la Bibi Harusi

Kagongwa

Mama, shikamoo.

Leo nimetengeneza jino la kauri peke yangu kwa mara ya kwanza. Mteja wetu mmoja hapa kliniki, Asteria, anaolewa Jumamosi, na jino lake la bandia la mbele lilimeguka alipotafuna muwa. Nililikwangua, nikajazia dawa ya rangi ileile, nikaigandisha kwa taa ya buluu. Alipojitazama kwenye kioo alinikumbatia.

"Dada, hata mimi sioni lilipovunjika."



Nilipomsindikiza nje nikamkuta bwana harusi. Mama, ni Boaz, yule unayeniuliza kila mara ataleta lini mahari. Aliinamisha uso. Nilimsalimia, nikawatakia heri.

Usinipe pole, mama. Nipongeze kwa lile jino.

Mwanao,
Rebeka