Lundo Langu Lilinuka, Nikamsingizia Wifi

Mshauri mpendwa, nisaidie, nimekwama na Ijumaa haiko mbali. Mimi ni mtunza bustani wa chuo kikuu, mwaka mzima nimekuwa nikichukua kwa toroli maganda na mabaki ya mboga kutoka jikoni, nayachanganya na majani makavu nyuma ya maktaba, yanaoza yanakuwa mboji, na sasa hata wahadhiri walionicheka wananiomba ndoo moja ya kuwekea maua yao. Mwezi uliopita mgongo ulinikamata, wiki tatu sikuligeuza lundo, nikawa namwaga tu mabaki mabichi juu ya mabichi, likanuka mpaka wanafunzi wakafunga madirisha ya maktaba, na msimamizi wa mazingira alipokuja amebana pua akaniuliza, "Mama, hii ni nini?" ulimi ukateleza, nikasema, "Muulize mpishi, anachanganya nyama humo." Mpishi mwenyewe ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyenitafutia kazi hii, na hajawahi kuniletea hata mfupa, lakini ameondolewa jikoni anasugua sakafu za mabweni, na juzi tulipokutana kwenye ngazi akaniambia, "Wifi, nilikukosea nini?" nikashuka ngazi mbio. Mume wangu anasema ninyamaze, yatapita. Msimamizi ameagiza lundo lifukiwe Ijumaa, nami sitaki lifukiwe, ila nikisema ukweli nitafukuzwa. Nifanyeje?

Mama Mboji

Mama Mboji, pole kwa mgongo. Kwa hilo tu. Unaogopa kufukuzwa, na mwenzako ameshafukuzwa jikoni kwa kosa lako! Na huyo mumeo, mwambie aende akamtazame mdogo wake usoni, kisha aseme yatapita.

Sasa jifunge kibwebwe. Leo hii, kabla hujagusa toroli, nenda kwa wifi yako ukamwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Usilie ili yeye ndiye akubembeleze. Ukitoka hapo, moja kwa moja kwa msimamizi: "Nilidanganya. Mpishi hana kosa, arudishwe jikoni. Mgongo uliniuma nikaona aibu kuomba msaada." Halafu muombe wiki mbili kabla ya kulifukia lundo. Lundo lako halijafa, mama. Ligeuze lipate hewa, na kila toroli la mabaki ulifunike kwa matoroli mawili ya majani makavu. Mgongo ukigoma tena, sema mapema upewe mtu.

Huenda ukafukuzwa, sikufichi, na hata hivyo utasema. Wala usiniandikie tena kuniuliza kama umesamehewa. Anayejua jibu hilo yuko mabwenini, amepiga magoti, ameshika brashi. Nenda.