Kitanda cha Kaka

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo? Kifua kimepona? Huku tu wazima, ni magoti yangu tu yananigomea.

Kaka, usikasirike mpaka umalize barua. Yule jirani aliyekutaja kwa askari, ukalazimika kukimbia nchi, yuko chumbani kwako. Wanawe wamemtelekeza na miguu haimbebi. Asubuhi moja nilikuwa nasali, naye anakohoa nyuma ya ukuta. Nikapaza sauti nisimsikie. Akazidi kukohoa. Nikaona aibu, nikaenda kumchukua. Analala kitandani kwako.

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, na kifua kimepona.

Mtoe. Miaka thelathini na mmoja nimelala kwenye vitanda vya watu. Hicho changu ndicho pekee nilichojua kinanisubiri.

Kaka yako

9 Juni

Kaka,

Unaendeleaje? Nimekaa kimya kwa sababu sijamtoa.

Aliniomba nimsomee barua yako, nikamsomea yote. Akasema, "Ana haki yake," akainuka aondoke. Alifika mlangoni akishikilia ukuta, akaanguka. Nikamwambia, "Mzee, hata kuondoka kumekushinda!" Tukacheka mpaka tukalia.

Kaka, kila siku namwambia Mungu kuwa nampenda. Lakini Mungu hanywi uji wangu wala hahitaji kuogeshwa. Huyu anahitaji. Sina mahali pengine pa kuupeleka upendo huo. Ukisema tena nimtoe, nitatoka naye.

Mchana hupapasa vitabu vyako. Maandishi ya karibu hayaoni tena.

Mdogo wako

30 Juni

Mdogo wangu,

Magoti yako vipi? Yakande kwa maji ya moto.

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima mfukoni mwa koti la kazi. Juzi, dukani ninakotengeneza miwani, alikuja bibi mmoja, miwani yake inamuumiza. Nikaipinda miwani vizuri nyuma ya masikio yake, nikaushika uso wake kama nilivyoshika nyuso za maelfu. Sijawahi kumuuliza hata mmoja alimtendea nani nini.

Chukua rula, iweke juu ya pua yake, mwambie atazame mbali. Hesabu milimita kutoka mboni hadi mboni. Sijamsamehe, usimdanganye. Nataka vipimo tu.

Kaka yako

18 Julai

Kaka,

Magoti yamepata nafuu, asante.

Sitini na nne. Nilipima mara tatu, maana alipojua anayeuliza ni nani, kichwa kilianza kumtetemeka. Nikamfokea, "Tulia, unaniharibia hesabu!"

Anauliza aanze na kitabu gani.

Mdogo wako

12 Agosti

Mdogo wangu,

Natumai mu wazima nyote wawili.

Miwani imo humu. Ikimlegea, funga uzi nyuma.

Vitabu vingoje. Kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda, upande wa ukutani, nilichonga jina langu kwa kisu nikiwa na miaka kumi. Ndilo lile lile alilowatajia askari. Alisome hilo kwanza, kwa sauti.

Kisha mfunike, alale. Kitanda ni chake.

Kaka yako