Sauti ya Tarehe Kumi na Moja Mei

Kingstanding,
Birmingham.
Jumapili, 9 Desemba 2007.

Mpendwa Mjomba Alfayo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unatembea bila fimbo, maana Mama aliniambia goti limekusumbua tangu mvua zianze. Je, Anti Wawuda hajambo? Na kule Wundanyi baridi imepungua?

Mimi ni mzima wa mwili. Huku saa kumi jioni giza limeshaingia. Nasikia kwenu ni kampeni kila kona. Nawaombea uchaguzi upite salama.

Uliniuliza kwenye barua yako ya Agosti ninafanya nini hasa na wanyama wa barafuni, na kwa nini Mama anasema siku hizi sina raha. Nimechelewa kujibu kwa sababu wakati ule hata mimi nilikuwa sijui yote. Wewe uliyehesabu ndovu Tsavo utanielewa upesi.

Aprili chuo kilinipeleka Grinlandi, kaskazini kabisa, kuchunguza sili. Hao ni wanyama wa baharini wenye manyoya, wanaozaa juu ya bahari iliyoganda. Sili mama huchimba pango ndani ya theluji, na mtoto hukaa humo akifichwa na paa la theluji hadi apate nguvu. Mwaka huu mvua ilinyesha Machi, Mjomba. Mvua, mahali ambapo mwezi huo huanguka theluji tu. Mapaa yote yalikuwa yameporomoka. Tulikuta watoto weupe wamelala wazi kwenye barafu, na kunguru wametutangulia, wamewadonoa macho. Nilihesabu hadi mkono ukakataa kuandika.

Aliyetuongoza ni mwindaji mmoja, Aqqaluk, mzee wa rika lako, mwenye mbwa kumi na mmoja wa kuvuta sleji, kile kigari cha theluji kisicho na magurudumu. Alikuwa akigonga barafu kwa chuma kirefu kabla ya kupita, na mara nyingi alitugeuza njia. Kabla ya kuondoka nilitoboa barafu, nikashusha hadi chini kinasa sauti, kwa sababu sili huitana majini na sauti zao hutuambia wamebaki wangapi. Nikamwomba Aqqaluk akakichukue katikati ya Mei. Alitazama bahari, akasema, "Nitakwenda."

Mei hakikuja. Kilifika Agosti, ndani ya sanduku la mbao, pamoja na kijikaratasi cha Aqqaluk kwamba alikitoa Julai kwa mashua baada ya barafu kuyeyuka. Hakuandika zaidi.

Oktoba ndipo nilipokaa kukisikiliza, siku baada ya siku. Sili walikuwa wachache mno. Nikafika tarehe kumi na moja Mei, asubuhi. Nikasikia sleji inakwaruza juu, na miguu mingi midogo ikikimbia. Nilitabasamu, nikajua ni Aqqaluk anakuja. Kisha mlio kama mlango mkubwa uliobamizwa. Kisha maji. Kisha miguu ile ile, safari hii ikipiga maji, ikipiga, ikipiga, kwa dakika saba. Nilikuwa nikiitazama saa. Baadaye ikawa kimya, na sili mmoja akaita kwa mbali.

Nilifika nyumbani sijui kwa basi gani. Ninaishi na dada mmoja wa Bukavu, Gisèle, anayetunza wazee. Aliniona mlangoni akasema, "Audrey, iko nini? Nani amekufa?" Nilipomweleza alikaa kitini na koti lake. "Sasa wale imbwa walikufa juu ya kazi yako?" Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa kweli.

Nilimpigia Aqqaluk kesho yake. Kabla sijamaliza salamu akasema, "Umeisikia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua utaisikia mwenyewe."

Alinieleza kwamba alikata kamba kwa kisu akaokoa mbwa wanne. Yeye mwenyewe alilowa hadi kifuani, akatembea hadi nyumbani. Nikamuuliza, sasa Julai alirudia nini pale pale? Akasema, "Niliahidi." Nilimwomba msamaha, akaniuliza kama sili walisikika vizuri.

Nilimwandikia profesa wangu kwamba mimi sitakwenda tena juu ya barafu ile, wala sitamtuma mtu. Nilimshauri vinasa sauti vishushwe Septemba kwa mashua, kabla bahari haijaganda. Alikubali kwa mwaka ujao, lakini Aprili ijayo, alisema, mapango lazima yahesabiwe, na nafasi yangu akampa Lennox. Huyu ni mwanafunzi mwenzetu, wazazi wake ni Wakenya, yeye alizaliwa hapa hapa Perry Barr. Hajawahi kukanyaga bahari iliyoganda.

Nilimketisha nikamvalisha vipokea sauti vya masikioni. Alisikiliza dakika zote saba. Alipovivua akauliza, "Hapa ni wapi?" Nikamwonyesha kwenye ramani. Ndiyo njia watakayopita. Akasema, "Nita-be careful, dada," yaani atajihadhari. Wiki ile ile akanunua viatu vya theluji.

Juzi Ijumaa Aqqaluk alinipigia simu. Amesikia kwamba anakuja mgeni, na ingawa amebaki na mbwa wanne hataki kijana wa watu aongozwe na mwingine. Nikamsihi akatae. Akasema nikimsihi sana atazima simu.

Nisalimie Anti Wawuda, binamu Mkubwa na wanawe, na wote kanisani wanaonikumbuka. Mama usimweleze habari za barafu. Mwambie nakula vizuri. Mungu aliyewatunza hadi leo asiwaondolee mkono wake. Na mnapoomba jioni, mtajeni Lennox. Wanaondoka tarehe tatu Aprili.

Kabla hatujaagana Ijumaa ile nilimuuliza Aqqaluk hali ya huko ikoje. Miaka yote, mwezi huu, watoto huwa wanacheza mpira juu ya bahari iliyoganda. Akasema amesimama mlangoni, na mbele yake ni maji meusi, mawimbi yanapiga.

Mpwa wako anayekupenda daima,
Audrey Mghoi