Chumvi Iliyoganda Kwenye Chupa

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumaini magoti yamepunguza kukusumbua na ng'ombe amezaa salama. Mimi niko mzima kabisa. Leo naandika nikicheka peke yangu hapa Japani, na wiki tatu zilizopita kicheko kilikuwa kimenihama. Kioko ndugu yangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole na usiruke mahali ninapojitia aibu. Najua hapo ndipo utapapenda zaidi.

Mama, katika barua iliyopita nilikuficha. Niliandika kwamba kazi iko sawa. Haikuwa sawa hata kidogo.

Unakumbuka nilivyokueleza: tunatengeneza nyuzi za plastiki, nyembamba kama uzi wa nailoni, ambazo mwanga huingilia upande mmoja na kutokea upande wa pili, ukibeba habari. Mimi ndiye natunza stoo ya nyuzi hizo na kupima mwanga unaotoka. Basi mvua za huku zilipoanza, mwanga nao ukaanza kupungua, kila wiki zaidi ya ile iliyotangulia. Profesa, mkubwa wetu, akakagua mashine: nzima. Akakagua plastiki: nzima. Aliyebaki kukaguliwa ni mimi. Akaniambia kwa upole, na huo upole ndio uliniumiza, kwamba mambo yakiendelea hivyo hadi mwisho wa mwezi, nyuzi zitatupwa na mafunzo yangu yatakoma. Nirudi nyumbani bila cheti! Aki mama, nilijiona nashuka Machakos na sanduku langu, na wewe ulishatangazia kanisa zima.

Ndipo barua yenu ikafika. Kioko alikuwa ameandika, katikati ya habari za mbuzi, "Mama amerudisha mahindi juani. Alitikisa chupa, chumvi ikaganda." Nikasoma hapo mara mbili. Nikakuona umeketi kando ya ghala, umetia mahindi kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa, unatikisa, unangoja, kisha unaangalia kama chumvi imeshika kwenye kioo. Ikishika, mahindi bado yako na maji, hata kama mkononi yanaonekana makavu.

Asubuhi nikakausha chumvi kwenye sufuria, nikaigawa katika chupa mbili. Moja nikaiacha wazi ndani ya stoo, nyingine nikaipeleka juu ofisini. Saa sita nikazitikisa. Ya ofisini ilicheza kama mchanga. Ya stoo ilikuwa imeshika kwenye kioo pande zote: hewa ya mle ndani ilikuwa na maji.

Haya Kioko, sasa tumefika pale pako. Hayo maji yalitoka wapi? Mvua, ndiyo, lakini na mimi pia! Vumbi ni adui wa nyuzi, kwa hivyo kila asubuhi kabla ya kufagia nilikuwa nanyunyiza maji sakafuni kwa mkono, vile mama alitufunza kufanya kwa nyumba ya udongo. Sakafu ni ya saruji, madirisha yamefungwa, na mimi nanyunyiza tu. Miezi miwili!

Ningeweza kunyamaza na kusingizia mvua. Sikatai, nilitamani. Lakini nilimwendea Profesa na chupa zangu mbili nikamwambia yote. Akaniomba nimwonyeshe ninavyonyunyiza. Nikamwonyesha. Akatazama sakafu iliyolowa, kisha akasema, "Kesho usinyunyize."

Tukaweka fungu moja la nyuzi ndani ya sanduku lenye joto kidogo, pamoja na zile punje za kunyonya unyevu ambazo huwekwa ndani ya viatu vipya. Fungu lingine tukaliacha stoo. Siku ya nne tukapima. La stoo lilikuwa bado hafifu, lakini lile lililokaushwa, mama, mwanga wake ulirudi! Niliketi chini nikalia. Profesa anasema maji huingia ndani ya plastiki yenyewe na kujikusanya kuwa vitone visivyoonekana kwa macho, na mwanga ukivigonga hutawanyika kando, kama taa za gari kwenye ukungu wa milima ya Iveti mwezi wa saba. Kumbe hakuna kilichoharibika. Sasa amenipa kazi hiyohiyo: nitie nyuzi unyevu kwa makusudi, nizikaushe, nipime. Ninabaki hadi mwisho wa mafunzo. Jana nililala usingizi wa kweli, asante Mungu.

Nisalimie mjomba aliyenisindikiza uwanja wa ndege, na jirani anayekusaidia kukamua. Yule mama kiongozi wa maombi mwambie yamefika, tena kwa wakati.

Nusura nisahau. Profesa aliniuliza nani alinifunza mambo ya chumvi. Nilipomwambia, aliiweka ile chupa ya chumvi kavu kwenye rafu iliyo mlangoni mwa stoo, iwe inatikiswa kila asubuhi kabla ya mtu kugusa nyuzi, kisha akanipa kalamu niandike juu yake jina la mwalimu wangu na kijiji chake. Nimeandika kwa herufi kubwa: MAMA NDUKU, KALAMA. Wageni wakija, husimama hapo kwanza wakasoma.

Ni mimi binti yako, ambaye sasa anafagia pakavu,

Nduku