Nimevunja Ngazi Zako, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukusalimu.

Nimevunja ngazi zako. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezungukazunguka. Vile vidato vinne vya mbele, ulivyovijenga tulipohamia hapa Nyasubi ili maji ya masika yasiingie sebuleni, nimevivunja kwa nyundo yako mwenyewe. Zege lako gumu, Baba. Lilinichukua siku mbili, na kila nilipopiga niliona kama nakupiga wewe.

Tangu mdogo wangu Shija alipoangukiwa na kifusi kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Bugarama, miguu yake ikafa ganzi, nilikuomba mara tatu tumjengee njia ya mteremko. Mara tatu ulinijibu neno lilelile: "Mwanangu atatembea." Kila asubuhi ulichuchumaa kando ya kitanda chake, ukambeba mgongoni, ukamshusha nje. Jioni ukampandisha. Mwanaume wa miaka ishirini na sita. Mkipita mbele ya wageni alikuwa anafumba macho. Wewe hukuweza kuona. Mimi niliona, maana nilikuwa nyuma yenu nimebeba kiti chake cha magurudumu.

Siku ya mazishi yako jeneza lilishuka zile ngazi, watu wote wakalifuata. Tulikuwa tumeshafika kwenye gari nilipogeuka nikamwona Shija barazani, peke yake, mikono juu ya magurudumu. Hakuita mtu. Nilirudi mbio na wajomba, tukambeba. Akaninong'oneza, "Dada, hata Baba ametoka. Mimi nimebaki."



Baada ya hapo alikataa kabisa kubebwa kwenye ngazi. Miezi miwili hakushuka. Akawa hanywi maji mchana, asije akamsumbua mtu kumpeleka choo cha ndani. Ndipo nilipochukua nyundo.

Mama alikuja akasimama mbele yangu. "Kabula, hiyo ni kazi ya mikono ya baba yako."

Nikamwambia, "Na Shija je, Mama? Si mtoto wake?"

Alikaa juu ya ndoo akalia. Alipomaliza akafunga kanga kiunoni, akaanza kuzoa vipande vya zege.

Mteremko wa kwanza niliukosea. Niliufanya mfupi, kwa haraka zangu zile ulizokuwa unanigombeza. Nikakaa mwenyewe kwenye kiti ili niujaribu. Kikaniponyoka, kikanitupa kwenye matembele ya Mama. Shija alikuwa mlangoni. "Fundi gani huyo?" akasema, na akacheka. Baba, alicheka! Ningeanguka tena makusudi nimsikie.

Nikauvunja. Nilikwenda hospitali kumuuliza yule dada anayemfanyisha Shija mazoezi ya viungo, akaniambia kila futi moja ya kupanda inataka futi kumi na mbili za kwenda. Ngazi zako zilikuwa na kimo cha futi mbili. Basi mteremko sasa umeambaa na ukuta wa mbele, futi ishirini na nne, mpaka karibu na jiko. Matembele yamekwenda yote. Pembeni nimeweka kingo na bomba la kushikia, na juu nimeikwaruza saruji kwa fagio la chelewa isiteleze. Mlango wa choo nimeupanua pia, maana kiti kilikuwa hakipiti, na ndani nimemjengea mahali pa kukalia.

Niliimwagilia saruji wiki nzima, kama ulivyonifundisha. Jumamosi Shija akashuka. Nilisimama chini nimefunga mikono nyuma, nisije nikamshika. Akafika, akanitazama, akapitiliza moja kwa moja hadi nje ya geti. Mama akataka kumfuata, nikamvuta kanga.

Saa mbili nzima. Ugali ukapoa. Mama alichungulia barabarani mpaka nikachoka kumwambia akae. Halafu tukasikia magurudumu kwenye changarawe, Shija huyo, kichwa kinang'aa.

"Umetoka wapi wewe?" Mama alimfokea.

"Kunyoa."

Akapanda mwenyewe. Alipumzika mara moja katikati, akaingia ndani, akauliza chakula kiko wapi.

Baba, nilibaki nje nikajifanya naosha mwiko. Nililia, lakini si kwa uchungu. Nilitamani tu uwepo uone.

Siku hizi nakuelewa. Kuvunja zile ngazi kungekuwa kukubali, na wewe hukutaka kukubali. Ukaona afadhali utoe mgongo wako. Mimi sijaikatia tamaa miguu yake. Nimekataa tu asubiri mpaka ipone ndipo aishi. Naomba usinihesabie kuwa nimekuvunjia heshima. Mama naye haongelei tena ngazi. Anapitisha ndoo zake za maji hapohapo kwenye mteremko, kwa toroli, na anasema kiuno kimepata nafuu.

Pumzika, Baba. Wabeja, asante sana, kwa kunishikisha mwiko wakati watu wanakucheka kwamba unamfundisha ujenzi mtoto wa kike. Nakuahidi Mama hatakosa wa kumtunza maadamu niko hai. Na Shija sitambeba tena, isipokuwa aniombe mwenyewe.

Mwanao,
Kabula